Dawa Zinazofunga Vimeng'enya: Zinavyoshika, Zinavyoachia na Namna ya Kuzimeza

Katika kabati la dawa la nyumba yenye wazee, iwe Majengo, Kisauni au Changamwe hapa Mombasa, mara nyingi utakuta vidonge vinne vitano vyenye kazi ya namna moja: kukisimamisha kimeng'enya fulani mwilini. Enalaprili ya presha, atovastatini ya mafuta ya damu, omeprazoli ya kiungulia, aspirini ndogo ya moyo, alopurinoli ya jongo. Zote zimeandikwa kutwa mara moja, basi mgonjwa huzimimina kiganjani asubuhi na kuzimeza kwa mkupuo na chai na mahamri. Baadhi yake hazijali mtindo huo. Nyingine zinapungukiwa nguvu, na moja mbili zinaweza kumletea madhara akizichanganya na kitu alichokinunua sokoni Marikiti jana yake.

Kwa kila dawa ya aina hii kuna swali moja la kumuuliza mfamasia: ikishakishika kimeng'enya, inakiachia au haikiachii? Jibu lake ndilo linaloamua saa ya kumeza, la kufanya ukisahau dozi, na siku ngapi athari itabaki baada ya kuacha.

Mwongozo huu haubadilishi dozi uliyoandikiwa. Majina ya dawa yameandikwa kama yanavyotamkwa. Kwenye boksi mengi yatakuwa hayana ile irabu ya mwisho.

Kinachoshikwa

Kimeng'enya ni protini yenye kazi moja. Hupokea malighafi yake, huigeuza kuwa zao, kisha hulitoa na kupokea nyingine, na vimeng'enya vingine hufanya hivyo mara mamia au maelfu kwa sekunde. Kazi yote hufanyika ndani ya kishimo kidogo kwenye protini hiyo. Tukiite tundu la kazi. Kizuizi ni kemikali inayokishika kimeng'enya na kukipunguzia kasi, nacho hushika kwa njia tatu ambazo daktari na mfamasia huzitofautisha kila siku bila kuzitaja.

Ya kwanza ni kugombea tundu. Kizuizi kimefanana na malighafi kiasi cha kuingia mahali pake, lakini hakigeuzwi. Kinaingia, kinatoka, kinaingia tena. Malighafi ikiwa nyingi, kizuizi kinashindwa kupata nafasi, kama mteja mmoja kwenye benchi la kahawa wakishafika wengine ishirini. Ndiyo maana dawa ya namna hii hupimwa kwa kiasi chake katika damu: kikishuka, kazi ya kimeng'enya inarudi.

Ya pili ni kushika pembeni, nje ya tundu la kazi. Kimeng'enya kinajikunja, umbo la tundu linaharibika, na hapo hata umwage malighafi kiasi gani kasi haipandi kufikia ile ya mwanzo. Nevirapini, wanayopewa watoto wachanga waliozaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI, hushika hivyo: hujipachika pembeni mwa kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kunakili chembe zake za urithi.

Ya tatu ni kujifunga moja kwa moja. Kizuizi hufanya kifungo cha kikemia ndani ya kimeng'enya, na hapo kimeng'enya hicho kimekwisha. Dawa inaweza kutoka kwenye damu saa hiyo hiyo na athari ikabaki siku kadhaa, kwa sababu mwili unasubiri kutengeneza vimeng'enya vipya. Hapa saa za dawa katika damu hazina maana kubwa. Hesabu unayopaswa kuijua ni ya mwili: unachukua muda gani kujaza pengo.

Jaribio la mate na akabosi

Walimu wa baiolojia hufundisha vizuizi kwa kuchora ubaoni, na wanafunzi hukariri. Lipo jaribio la nusu saa linaloonyesha jambo lenyewe kwa macho, na vifaa vyake vinapatikana duka la dawa na jikoni. Akabosi ni dawa ya kisukari inayofunga vimeng'enya vya kuvunja wanga, pamoja na amilesi iliyomo kwenye mate. Kidonge kimoja cha mg 50 kinatosha darasa zima. Kilichopita muda kidogo kinafaa pia, maana hakuna atakayekimeza.

1. Koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa wanga wa mahindi au wa muhogo katika ml 150 za maji baridi. Chemsha huku ukikoroga hadi maji yawe mazito kidogo na yaangaze. Acha yapoe kabisa.
2. Ponda kidonge, kikoroge katika ml 30 za maji, kiache dakika 15. Mimina maji ya juu tu, usichukue machicha.
3. Suuza mdomo, tema. Chukua ml 10 za maji safi mdomoni, yazungushe dakika moja, yateme kwenye kikombe. Hayo ndiyo mate ya kutumia.
4. Kikombe A: kijiko cha chai cha mate na kijiko cha maji. Kikombe B: kijiko cha mate na kijiko cha maji ya akabosi. Kikombe C: vijiko viwili vya maji matupu. Subiri dakika 5.
5. Ongeza vijiko viwili vya wanga katika kila kikombe na uanze kuhesabu. Kila dakika, weka tone kutoka kila kikombe kwenye sahani nyeupe, kisha tone la ayodini ya kupaka vidonda iliyozimuliwa kwa maji, sehemu moja kwa tisa.

C itabaki buluu iliyokolea mwanzo hadi mwisho. A itaanza buluu, ipite zambarau, iwe ya kahawia nyekundu, kisha ibaki rangi ya ayodini tu, kwa sababu wanga umekatwakatwa. B ina mate yale yale kwa kiasi kile kile, lakini itaganda kwenye buluu muda mrefu zaidi. Amilesi hupenda joto la mwili, nyuzi 37. Kwa joto la Mombasa hakuna haja ya kupasha chochote, meza ya darasani inatosha.

Linapokwenda kombo, sababu huwa moja kati ya hizi. Wanga uliwekwa ukiwa bado moto: amilesi imeungua, na A pia inabaki buluu. Maji ya akabosi yanageuka buluu yenyewe: vidonge hutengenezwa kwa kuongezewa wanga, na machicha yamepita, hivyo yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa na uyajaribu kwa ayodini kabla ya kuanza. Rangi inapotea ghafla katika vikombe vyote: kuna ndimu au vitamini C mahali, na vitamini C huiondolea ayodini rangi bila kuugusa wanga. Au mate ni mazito mno na A imemaliza kazi kabla ya kipimo cha kwanza; yazimue mara tano.

Ukiwa na muda, lizidishe. Zimua maji ya akabosi mara kumi, uyajaribu, kisha mara kumi tena, na tena. Itafika hatua ambapo B inakwenda sawa na A. Umeona kizuizi kinachoachia: nguvu yake yote iko katika wingi wake mahali pale, saa ile.

Hospitalini jambo hilo hilo linaamua namna ya kuitumia. Akabosi humezwa pamoja na tonge la kwanza la chakula. Ukiimeza saa mbili kabla au ukikumbuka umeshanawa mikono, umekosa wanga uliotakiwa kuzuiwa. Na kuna onyo moja ambalo mwenye kisukari anayechanganya akabosi na insulini au glibenklamidi lazima alijue. Sukari yake ikishuka akaanza kutetemeka na kutoa jasho, sukari ya mezani, soda au kipande cha halwa havitamuinua haraka, kwa kuwa kimeng'enya cha kuvunja sukari hiyo ndicho kilichofungwa. Anahitaji glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa dukani, gramu 15 hadi 20 katika maji. Pakiti yake ikae mfukoni, isikae kabatini.

Zisizoachia

Aspirini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba inasimamisha utengenezaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta maumivu na uvimbe, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Aspirini hubandika kipande chake ndani ya kimeng'enya kiitwacho saiklooksijenesi, na hakibanduki. Seli nyingi hutengeneza kimeng'enya kingine na maisha yanaendelea. Chembe sahani za damu haziwezi, kwa sababu hazina kiini. Chembe sahani iliyokutana na aspirini haitashiriki kikamilifu katika kugandisha damu mpaka ife, na huishi siku 7 hadi 10. Dawa yenyewe haikai katika damu hata saa moja, lakini mg 75 mara moja kwa siku inatosha, kwa kuwa kazi ya kila dozi ni kuzifunga chembe zilizozaliwa tangu jana.

Kutoka hapo mambo matatu yanafuata. Ukisahau siku moja, meza dozi ya kawaida kesho yake. Usilipizie mbili, kwa kuwa chembe nyingi bado zimefungwa. Upasuaji ukipangwa, athari haiishi kwa kuacha usiku mmoja; daktari akiamua isimamishwe, itakuwa ni kwa karibu wiki moja. Uamuzi huo ni wake, hasa kwa mtu aliyewekewa stenti (kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo), na kwa kung'oa jino mara nyingi haisimamishwi kabisa. La tatu ni ibuprofeni, ambayo huingia tundu lile lile na kuachia baada ya saa chache. Ikitangulia, aspirini inakuta mlango umezibwa, inaondoka kwenye damu bila kufanya kazi, kisha ibuprofeni nayo inaondoka, na chembe sahani zinabaki huru. Anayemeza aspirini ya moyo na anahitaji ibuprofeni mara moja moja aanze na aspirini ya kawaida, isiyo na ganda la kulinda tumbo, angojee angalau dakika 30 ndipo ameze ibuprofeni. Kama ibuprofeni imetangulia, aspirini ingoje saa 8.

Kwa Mombasa kuna la nne. Dengi imelipuka hapa mwaka 2013, 2017 na 2021, na dalili zake za mwanzo, homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma, ndizo hasa zinazomfanya mtu aombe aspirini au ibuprofeni dukani. Dengi hupunguza chembe sahani, na ukizifunga zilizobaki unaongeza hatari ya kuvuja damu. Homa ya namna hiyo ipewe parasetamoli peke yake, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, mpaka kipimo kitoke. Aliye kwenye aspirini ya moyo amweleze daktari siku hiyo hiyo. Watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini kwa homa yoyote.

Omeprazoli nayo haiachii, ila ina sharti ambalo wengi hawaelezwi. Hufunga pampu za asidi tumboni, na pampu hizo ni kimeng'enya. Tatizo ni kwamba inazifunga zile tu zilizo kazini. Tumbo likiwa tupu, pampu nyingi zimelala. Chakula ndicho kinachoziamsha. Dawa yenyewe hukaa katika damu saa moja mbili tu. Kwa hivyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula cha asubuhi, ili iwe imefika kwenye damu pampu zinapoamka. Anayeimeza wakati wa kulala, tumbo tupu, anafunga chache mno, kisha analalamika kuwa dawa ni bandia.

Mwezi wa Ramadhani hesabu hiyo haibadiliki, saa ndizo zinazobadilika. Njia inayowafaa wengi wanaomeza mara moja kwa siku ni kufungua kwa maji na tende moja, kumeza kidonge, kwenda kuswali Magharibi, kisha kukaa kwenye futari yenyewe. Anayemeza mara mbili ataamka nusu saa mapema kabla ya daku.

Usitafune wala kusaga chembechembe zilizo ndani ya kapsuli. Zina ganda la kuzilinda na asidi. Zikivunjika dawa inaharibikia tumboni. Asiyeweza kumeza kapsuli aifungue, amwage chembechembe kwenye kijiko cha maji ya machungwa na azimeze bila kutafuna. Maziwa hayafai kwa kazi hii. Usitarajie nafuu kamili siku ya kwanza: kila siku zinafungwa pampu zilizokuwa macho siku hiyo, na hali hutulia baada ya siku 3 hadi 5. Hii si dawa ya kutuliza kiungulia kilichowaka sasa hivi baada ya biriani. Na aliyeitumia miezi akaiacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa, akadhani ugonjwa umezidi. Daktari humpunguzia polepole.

Klavulaneti inafanya kazi ndani ya bakteria. Bakteria wengine hutoa kimeng'enya cha kukata penisilini. Klavulaneti hujitoa mhanga kwa kujifunga ndani yake, na amoksisilini, ambayo ni aina ya penisilini, ikapita salama. Kidonge cha mg 625 kina amoksisilini mg 500 na klavulaneti mg 125. Cha mg 375 kina mg 250 na mg 125 ile ile, kwa hiyo viwili vidogo si sawa na kimoja kikubwa: umezidisha klavulaneti maradufu, na inayoharisha ni hiyo. Meza mwanzo wa chakula. Dawa ya maji ya mtoto ndiyo inayoharibika zaidi huku Pwani, kwa kuwa klavulaneti haivumilii unyevu wala joto. Chemsha maji, yapoe kabisa, ndipo uchanganye hadi alama ya chupa. Iweke kwenye friji, siyo kwenye mlango wake, na baada ya siku 7 imwage hata kama imebaki nusu. Kama nyumbani hamna friji, mwambie mfamasia kabla hajachanganya.

Balungi

Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi kabla hazijafika kwenye damu. Watengenezaji wa dawa wanakijua na dozi zimepangwa kwa kukihesabia hasara hiyo. Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, nazo zinakifunga moja kwa moja. Glasi moja ya maji yake yatosha, na kimeng'enya kipya kinachukua hadi saa 72 kujaa. Kwa hiyo ushauri wa mtaani wa kula balungi asubuhi na kumeza dawa jioni haufui dafu. Haya si mambo ya kutenganisha kwa saa. Aliye kwenye simvastatini, felodipini au nifedipini aliache kabisa. Kwa atovastatini, kula kwingi ndiko kunakoleta shida. Danzi lina kemikali hizo pia, na wanaolitengenezea achari au jemu walikumbuke. Chungwa tamu na chenza hazina neno.

Klarithromaisini, moja ya viuavijasumu vinavyotolewa kwa siku 14 kuua bakteria wa vidonda vya tumbo, hukifunga kimeng'enya hicho hicho kwa nguvu zaidi. Simvastatini husimamishwa siku zote hizo. Usipouliza, huenda usiambiwe, maana aliyekuandikia dawa za tumbo huenda siye anayekutibu mafuta ya damu.

Zinazoachia

Katika dawa hizi, dawa ikipungua katika damu athari yake nayo hupungua. Simvastatini hukaa muda mfupi katika damu, na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku, hivyo humezwa usiku. Atovastatini hukaa muda mrefu. Saa yoyote inafaa ilimradi iwe ile ile. Statini ya kwanza kabisa aliipata Akira Endo, Mjapani, kutoka kwenye ukungu katika miaka ya 1970. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, acha na uende hospitali siku hiyo.

Enalaprili, lisinoprili na kaptoprili hufunga kimeng'enya kinachotengeneza angiotensini II, kemikali inayobana mishipa. Zote hushika madini ya zinki yaliyo ndani ya tundu la kazi. Wazo la kaptoprili lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Kimeng'enya hicho kina kazi ya pili: kuvunja bradikinini. Ukikifunga, bradikinini inalundikana, na ndiyo sababu mgonjwa anapata kikohozi kikavu kinachokera usiku, kisicho na makohozi wala homa. Dawa ya kikohozi haikigusi. Daktari hubadilisha kwenda losatani, isiyokigusa kimeng'enya hiki, na kikohozi huisha baada ya wiki kadhaa. Midomo, ulimi au uso ukivimba ni jambo jingine: hiyo ni dharura, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na dawa za kundi hili hazirudiwi tena maishani. Mjamzito hazimfai katika hatua yoyote ya mimba.

Halafu kuna madafu. Dawa hizi huifanya figo ibakishe potasiamu, na maji ya dafu yana potasiamu karibu mg 250 katika kila ml 100. Dafu moja kubwa linaweza kukupa mg 800 au zaidi. Mtu mwenye figo nzima akinywa moja mara chache hana la kuogopa. Mwenye figo dhaifu, au anayemeza pia spironolaktoni (dawa ya kukojoza inayobakisha potasiamu), akishinda na madafu matatu kwa siku ya joto la Februari anaweza kupandisha potasiamu hadi moyo ukakosa mpangilio, na kabla ya hapo huenda asihisi chochote zaidi ya uchovu. Kipimo cha damu cha potasiamu na kreatinini (alama ya kazi ya figo) hufanywa wiki moja hadi mbili baada ya kuanza dawa au kuongeza dozi. Ukiandikiwa bila kuambiwa lini urudi kupimwa, uliza. Chumvi zinazouzwa kama chumvi ya wagonjwa wa presha nyingi ni za potasiamu, na hazikufai. Ukiharisha au kutapika sana, piga simu kliniki kabla ya dozi inayofuata, na usiongeze diklofenaki, ile ya maumivu, juu yake.

Alopurinoli ni fupi kueleza. Hufunga kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya yuriki. Huanza na mg 100, huongezwa kila wiki chache hadi asidi ya yuriki ishuke chini ya mg 6 kwa desilita. Jongo linaweza kuwaka zaidi miezi ya mwanzo. Usiache kwa sababu hiyo. Acha mara moja ukitokwa na vipele.

Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kimoja cha ARV kinachotumiwa na wengi Kenya, hufunga kimeng'enya cha kirusi kwa kushika madini ya magneziamu yaliyo ndani yake. Ukinywa dawa ya maji ya kiungulia yenye magneziamu au aluminiamu, dolutegraviri inashika madini hayo tumboni na haifyonzwi. Imeze saa 2 kabla ya dawa hiyo au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja nayo, ila lazima iwe pamoja na chakula.

Na kwa wajawazito wa Pwani wanaopewa SP (sulfadoksini na pirimethamini) kliniki kuzuia malaria: dawa hiyo inafunga vimeng'enya viwili katika njia ya vimelea ya kutengeneza foleti, vitamini wanayoihitaji ili wazaane. Vidonge vya foliki asidi vya mg 5 vinawapa vimelea njia ya kuipunguzia SP nguvu. Kinachotakiwa ni cha mg 0.4.

Kizuizi kikiwa sumu

Baadhi ya dawa za kuua kunguni na wadudu wa shambani ni vizuizi visivyoachia. Hufunga kolinesterasi, kimeng'enya kinachozima ishara kati ya neva na misuli, na ishara zinaendelea bila kukoma: mate na jasho kumwagika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, misuli kurukaruka, kifua kujaa maji. Mtoe nje penye hewa, vaa glavu, mvue nguo zote kwa kuwa zinaendelea kumpa sumu, muoshe kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele na chini ya kucha. Usimtapishe wala kumpa maziwa. Mlaze kwa ubavu njiani ili asipaliwe.

Hospitali hutuliza dalili kwa atropini, kisha kuna pralidoksimu, inayoweza kuing'oa sumu kwenye kimeng'enya kabla kifungo hakijakomaa. Kwa baadhi ya sumu, ile ya diklovosi ikiwemo, muda huo ni saa chache tu. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani piga picha lebo ya chupa, upande wenye jina la kemikali, na mwambie daktari sumu iliingia saa ngapi.